Mbwa wa Siku Kumi

Mbwa akimng'ata mtu, usimuue. Mfungie siku kumi, umtazame. Akibadilika au akifa ndani ya siku hizo, aliyeng'atwa akimbizwe sindano kabla ugonjwa haujapanda kichwani, maana ukishapanda hakuna daktari, hakuna mganga, hakuna sala. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, mtu amepona na mbwa aende zake. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa nilipoajiriwa katika kituo cha mbwa pale Masasi. Nililijua kuliko nilivyolijua jina la babu yangu.

Mwaka huo wa 1995 wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kuingia na malori yao. Kila penye lori palizuka banda la nyama, na kila penye banda la nyama palitupwa utumbo. Mbwa wakanenepa, wakazaana, wakaanza kutembea makundi kama wenye mji. Zamani walikuwa wanapigwa risasi mara mbili kwa mwaka. Safari hii wafadhili wakasema hapana, wakajenga vizimba thelathini vya matofali na wavu wa chuma chini ya mlima, wakataka mbwa wakamatwe, wachanjwe, watazamwe.

Watu walitucheka. Siku hizo wafanyakazi wa serikali walikuwa wanapunguzwa kwa mafungu, na stendi nzima ilikuwa na wimbo mmoja: "Mwalimu kafukuzwa, mbwa kaajiriwa!" Mimi sikuinamisha kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, elimu yangu darasa la saba, mtoto wa Newala niliyelelewa na mama mkubwa, na ndani ya vizimba vile hakukuwa na mbwa ambaye sikuijua tabia yake. Anayenicheka na aje amshike mbwa mmoja tu, nilisema. Hakuja hata mmoja.

Tulikuwa wafanyakazi sita. Ndipo akaletwa Bwana Cuthbert kuwa msimamizi, mtu wa Chidya, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, saa ya mkononi aliyoitazama kabla ya kukujibu salamu. Alikuja kuongeza ufanisi. Siku ya pili akanisimamisha mbele ya sufuria la ugali wa pumba.

"Vitalis, kulisha mbwa mmoja kunachukua dakika ngapi?"

"Inategemea mbwa."

"Nimeuliza dakika."

"Mbili. Mkali, tano. Mwenye huzuni, hata nusu saa."

"Mbwa hana huzuni," akasema, akaandika mbili.

Dakika mbili mara mbwa thelathini ni saa moja. Kwa hesabu hiyo watu sita walikuwa wengi mno. Mwisho wa mwezi tukabaki wawili, mimi na Benedikto, mtoto wa huyo mama mkubwa aliyenilea. Wa kwanza kuondolewa alikuwa Mzee Halfani. Kazi ya mzee yule ilikuwa moja: kukaa kwenye kigoda mbele ya mbwa wa siku kumi na kuwatazama. Mwislamu mwenye swala tano, na kila jioni kabla ya magharibi alijisugua mikono kwa mchanga na maji mara saba, akaenda msikitini. Hakuwa anawapenda mbwa. Aliwatazama tu, na jicho lake lilikuwa halikosei.

"Kukaa na kutazama si kazi," Bwana Cuthbert alimwambia.

"Ni kweli, mwanangu," Mzee Halfani akajibu. "Hata mwizi akiingia kwako hupendi mtu anayetazama, unapenda anayepiga kelele. Lakini kelele haianzi bila jicho." Akachukua kigoda chake, akaondoka.

Nitasema haki hata kama inaniwasha. Bwana Cuthbert alileta dawa ya kupe, na mbwa wakaacha kufa ovyo. Alileta ubao mweusi wa kuandika kila mbwa amekula au hakula. Alileta makufuli, na akaweka sharti kwamba kizimba cha mbwa wa siku kumi kisifunguliwe mpaka wawepo watu wawili. Sharti zuri. Tatizo lake, lilihitaji watu wawili wasiofiwa, wasiougua, wasiokwenda hata chooni.

Mwezi Septemba mbwa wa rangi ya majivu, asiye na mwenyewe, alimng'ata Hajira mguuni. Hajira alikuwa na miaka minane. Mama yake aliuza vitumbua karibu na stendi. Zahanati waliliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, wakasema sindano zenyewe ziko Mtwara, ni chache, hazitolewi kwa wasiwasi mtupu. Mbwa yupo hai, basi na atazamwe. Tukamtia kizimba namba nne.

Mama Hajira alikuja kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko lake. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye lango.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, Mama Hajira."

"Anakula?"

"Anakula."

Akaenda zake. Siku ya tano alikuja na vitumbua vinne kwenye karatasi. "Mpe," akasema. "Mpe ashibe, aishi." Sijapata kuona mtu akimwombea uhai mnyama aliyemng'ata mwanawe. Nilivipokea kwa mikono miwili.

Jioni hiyo ikaja habari kutoka Newala kwamba mama mkubwa amefariki. Benedikto alikaa chini palepale. Mimi nilikwenda kwa Bwana Cuthbert kuomba ruhusa.

"Pole sana," akasema, na nadhani alimaanisha. "Lakini mmoja abaki."

"Amenilea. Maziwa yake ndiyo yaliyonikuza."

"Wewe umezaliwa na yeye, au Benedikto ndiye aliyezaliwa na yeye?"

Nilimtazama mpaka akaangalia saa yake. Benedikto akapanda kwenda Newala na gari la alfajiri, mimi nikabaki na mbwa thelathini na hasira isiyo na mahali pa kuiweka. Jioni ileile, kabla sijatoka ofisini, nilikuwa nimemuuliza msimamizi: "Na sharti la watu wawili?"

"Fanya utakavyoona," akasema. "Mradi kazi iende."

Siku ya sita, basi, nilifanya nilivyoona. Kufungua na kufunga makufuli thelathini peke yangu, na sufuria mkononi, niliona ni utumwa. Nikayafungua yote asubuhi, nikaacha milango kwenye komeo tu. Nilipofika namba nne nilikuta ugali wa jana haujaguswa. Mbwa alikuwa amelala kwenye kona, kimya, mdomo wazi, maji yakimtiririka. Nikasema moyoni ni joto. Nikasema atakula baadaye. Nilikuwa namfikiria mama mkubwa, kwamba watu wanamwosha saa hii na mimi nimeshika ndoo ya pumba.

"Anakula?" sauti ya Mama Hajira ikauliza langoni.

"Anakula," nikajibu, bila kugeuka.

Kwenye ubao sikuandika kitu.

Saa nne hivi akaja Tahiri. Huyu alikuwa Myao, muuza nyama, na mtani wangu. Asiyejua utani wa kwetu hatanielewa, kwa hiyo nieleze. Mmakonde akifiwa, Myao ndiye anayekuja kumkejeli penye kilio, kumpokonya kofia, kuvaa nguo ya marehemu na kuigiza alivyotembea, mpaka mfiwa acheke na machozi machoni. Anaweza kuchukua kitu chako chochote, na hukipati mpaka umkomboe kwa jogoo au kwa chochote atakacho. Na huruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia mtani msibani umeutukana msiba wenyewe.

Nilikuwa nyuma ya banda nikikoroga sufuria. Nikamsikia kabla sijamwona.

"Wamakonde! Mnazika bila sisi? Mmemwosha mama wa watu kwa nini, kwa umande? Maji mnayo huko juu kwenye uwanda wenu mkavu?"

"Tumemwosha kwa jasho la Wayao!" nikapiga kelele. "Lilitutosha na ndoo moja ikabaki!"

"Jasho langu ghali, Mmakonde. Newala sikufika, nyama ingeoza. Sasa mfiwa nimemkuta hapa, na mfiwa hana kofia, hana shati la maana, ana mbwa tu. Nachukua mbwa!"

"Chukua hata wote, ukawachinje uwauzie Wayao wenzako!"

"Jogoo wawili, la sivyo humwoni tena!"

Nilicheka. Ni mara ya kwanza tangu habari ile ifike kwamba kifua changu kilifunguka, nikacheka mpaka nikashika mti. Nikasikia komeo likigonga chuma. Nilidhani atamchukua Simba, mbwa mzee wa kizimba cha kwanza mwenye mkia kama fagio, anayemfuata kila mtu. Sikwenda kutazama. Kulikuwa na ugali unaungua.

Nilipotoka na ndoo nilimkuta Simba mahali pake akinitikisia mkia. Nikaweka ndoo chini. Nilijua kabla sijafika. Mlango wa namba nne ulikuwa wazi, na kwenye sakafu kulikuwa na ugali uleule wa jana na kidimbwi cha mate.

Nilikimbia mpaka bandani kwa Tahiri. Alikuwa anapanga nyama kwenye ndoano, na aliponiona akaanza kucheka.

"Jogoo wako wapi?"

"Mbwa yuko wapi?"

"Kwanza jogoo."

"Tahiri, mbwa yuko wapi?"

Akaona uso wangu. Cheko likamtoka kidogo kidogo. Akasema alimchagua yule kwa sababu alikuwa mpole, amelala, hakubweka. Alimtupia kitanzi kwa fimbo, akamvuta kwa kamba ndefu, hatua kumi nyuma yake, maana hakutaka pua yenye maji imguse akatie udhu upya. Walipofika njia ya kwenda Lupaso mbwa akaamka kama aliyepigwa, akaruka, kamba ikamponyoka mkononi.

"Hakukung'ata?"

"Hakunigusa hata unywele. Nilidhani atarudi mwenyewe. Si mbwa tu, mtani?"

Nilimpiga kofi. Mbele ya wateja wake, na mama mkubwa hajafikisha siku moja kaburini. Tahiri hakurudisha. Alishika shavu, akanitazama kama mtu aliyeona kitu kisichotakiwa kuonekana. Mzee mmoja akasema polepole, "Umempiga mtani?" Ningeweza kuwaeleza. Nilisema tu, "Yule ndiye mbwa wa Hajira," na Tahiri akavua aproni yake ya damu, akachukua baiskeli.

Tulishika naye njia ya Lupaso, yeye anaendesha, mimi nyuma. Tuliuliza kila shamba. Kwenye mikorosho ya mwisho tukakuta wanaume watatu na moshi. Mbwa wa majivu alikuwa ameingia zizini, amemng'ata mbuzi usoni, akajikokota huku nyuma inamlegea, mate yanamtoka kama uzi. Walimpiga kwa magongo. Kisha wakafanya walichofundishwa na wazazi wao, wakamchoma kwa majani ya mikorosho, mzima mzima, na kichwa chake. Hakikubaki cha kupeleka popote kupimwa.

"Tumekosea?" mmoja akauliza.

"Hapana," nikasema. "Nyinyi hamjakosea."

Nilimkuta Bwana Cuthbert ofisini akiandaa taarifa ya wageni. Wafadhili walikuwa wanakuja Alhamisi. Nilimweleza yote: makufuli, mtani, Lupaso, mbuzi. Alinisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakuangalia saa.

"Hatujui kama alikuwa na kichaa," akasema mwishowe.

"Alilegea nyuma. Mate yalimtoka."

"Mbwa aliyepigwa kila kitu humtoka. Vitalis, kaa chini. Nisikilize. Tukiandika kwamba mbwa wa siku kumi ametoka kituoni akiwa na kichaa, akang'ata mifugo, kituo hiki kinafungwa. Unajua kitakachofuata? Bunduki. Hao ishirini na tisa, mmoja mmoja, mbele ya ukuta. Simba wako wa kwanza."

"Na mtoto?"

"Ngoja Alhamisi ipite. Siku mbili tu. Halafu tutampa mama barua ya Mtwara, kimya kimya."

Sikuwa nimetegemea kwamba angekuwa na hoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya, na mbele yangu alikaa mtu mwenye hofu ambaye siku nzima hakuwa amekula. Nilimuuliza, "Siku mbili kwenye mguu wa mtoto ni dakika ngapi, Bwana Cuthbert?" Nikaomba barua na muhuri. Akafunga droo kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni, baina ya kalamu zake.

"Ukitoka na maneno hayo," akasema, "usirudi kazini."

Kwa Mama Hajira nilifika jua likiwa bado juu. Alikuwa anapepeta mchele wa kesho. Hajira alikuwa anaruka kamba, na mguu wenye kitambaa ukitangulia kugusa chini.

"Shikamoo, Mama Hajira."

"Marahaba. Umekuja mwenyewe leo? Amekula nini huyo mbwa wako?"

Nikamwambia. Nilianza na Lupaso, nikarudi nyuma mpaka kwenye mtani, na mambo ya utani nikamwona anayaelewa, hata kichwa alitikisa, maana naye ni Myao. Kisha ikabaki asubuhi.

"Lakini leo uliniambia anakula," akasema.

"Hakuwa anakula. Tangu jana jioni."

"Ulijua?"

"Niliona. Nikasema uongo, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilikuwa mvivu kugeuka."

Ungo ukabaki mikononi mwake, mchele umetulia. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayataka. Alichofanya ni kumwita mtoto, akamketisha mapajani mkubwa vile, akaufungua mguu, akautazama kana kwamba ugonjwa ungeonekana ukipanda.

"Basi la Mtwara ni saa ngapi?"

"Alfajiri. Nitakwenda nanyi. Barua sina, lakini mimi ndiye niliyemlisha."

Jioni hiyo nilipitia kwa Mzee Halfani. Sikumwomba kitu, nilimweleza tu kwamba kesho vizimbani hakutakuwa na mtu. Alinisikiliza akiwa ameshika birika la kutawadhia. "Tahiri amekwisha kupita hapa," akasema. "Atakoroga pumba na vichwa vya dagaa. Kulisha atalisha kwa fimbo ndefu, Mungu amsamehe. Mimi nitakaa." Akaingia ndani kutafuta kigoda chake.

Hospitali ya Mtwara tulifika mchana. Foleni ilizunguka ukuta. Karani wa dirishani aliuliza barua ya kituo, nikasema hakuna barua, kuna mtu. Alitaka kutupisha pembeni. Nilisimama pale dirishani, nikasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia kwamba siondoki, na kwamba mbwa aliyemng'ata mtoto huyu amekufa na mimi ndiye niliyemwona. Daktari alitoka mwenyewe kuangalia nani anapiga kelele. Alikuwa mwanamke mfupi, amechoka, jina lake Lois, na alituita ndani kwa kidole.

"Dawa niliyo nayo ni ya watu wachache," akasema. "Kila anayekuja hapa anasema mbwa alikuwa na kichaa. Wewe ni nani?"

"Mlisha mbwa."

"Mbwa huyo ulikuwa naye siku ngapi?"

"Sita."

"Aliacha kula lini?"

"Siku ya tano, jioni. Siku ya sita ugali wa jana ulikuwa haujaguswa."

"Maji?"

"Hakunywa. Bakuli lilikuwa limejaa."

"Mdomo?"

"Wazi. Taya limelegea, halikufunga. Mate yalikuwa mazito." Nilisikia sauti yangu ikiyasema hayo kwa ufasaha, moja baada ya jingine, kama niliyesomea. "Alikuwa amegeukia ukuta, kwenye giza. Nilipogonga ndoo alishtuka mwili mzima, kisha akalala tena. Siku ya nne alikuwa anakuja kwenye wavu. Siku ya sita hakuja."

Daktari Lois aliacha kuandika. "Uliyaona yote haya?"

"Niliyaona."

"Na ukafanya nini?"

Mama Hajira alikuwa amekaa kando yangu, mtoto katikati yetu. Chumba kile kilikuwa kidogo, hapakuwa na pa kuangalia.

"Sikufanya chochote," nikasema. "Nilisema ni joto."

Daktari akainuka. Kisha akageukia kabati, akalifungua. "Hizo ndizo dalili zenyewe," akasema bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Barua isingenieleza nusu yake. Sindano tano. Ya kwanza leo. Hamtarudi Masasi mpaka tufike katikati."

"Nina shangazi Chikongola, hapahapa mjini," Mama Hajira akasema.

"Na hatuahidi, mama. Zimepita siku sita, jeraha liko mbali na kichwa, lilioshwa vizuri. Hayo yote ni mema. Lakini hatuahidi."

"Nimesikia."

Hajira alipoiona sindano alielewa. Alipiga mayowe, akarusha mateke, meza ikatikisika, chupa zikagongana. Muuguzi alimshika mabega. Mama yake alimshika kichwa, akakilaza kifuani pake, na juu ya nywele za mwanawe akanitazama. Tangu jana hakuwa amenitazama.

"Wewe," akasema. "Mshike miguu."

Nikapiga magoti sakafuni, nikaishika, wa kulia na ule wenye kitambaa. Ulikuwa wa moto na mwembamba, na ulipigana nami kwa nguvu zote za mtu anayetaka kuishi.